Usirudi kazini kabla siku zako 84 hazijaisha
Dada yangu, umeuliza kama urudi kazini mtoto akiwa na wiki nane kwa sababu mwajiri anakuhimiza, ningekusihi usiharakishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya hapa Tanzania inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Hata ukirudi, mwajiri anapaswa kukuruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, haki ambayo wengi wetu hatuiombi, nami niliijua nikiwa nimeshachelewa.

Kwa maoni yangu, kinachoamua zaidi ni mwili wako na mtu atakayebaki na mtoto. Kama ulijifungua kwa upasuaji na mshono bado unauma ukikaa muda mrefu, mwone daktari kabla ya kumjibu mwajiri. Bibi wa mtoto au dada wa kazi aanze kumlea wiki mbili kabla, wewe ukiwa nyumbani, ili umwone anavyomnywesha maziwa uliyokamua na anavyombembeleza akilia.