Jibu: Kwa nini wananyamaza kikaoni

Ndugu, umeuliza kwa nini wapagazi na wapishi wako hapo Arusha wananyamaza kikaoni, halafu wanalalamika pembeni. Nimesimamia kambi za watalii miaka kadhaa, naijua hali hiyo. Kijana wa Kimaasai, kwa desturi, hampingi mtu wa rika la juu mbele za watu. Ni heshima, wala si woga. Mpishi mzee mpe shikamoo kwanza, hata kama wewe ndiye bosi. Utaona anavyoweka mwiko chini akusikilize. Mimi huwafuata jioni jikoni, mmoja mmoja, kikombe cha chai mkononi. Hapo ndipo nilipoambiwa hema linavuja. Na likizo za Desemba zipange mapema: Wachaga wanarudi kwao Kilimanjaro, na kumnyima mtu Krismasi ya nyumbani kunamuumiza sana.