Bwana Misitu Anajibu: Majani Mekundu ya Ujerumani na Majani Mekundu ya Tabora

Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mawese na dagaa sokoni Ujiji. Kijana wangu wa pili yuko Leipzig, Ujerumani, anasomea uuguzi. Alifika huko mwezi wa nne. Juzi kanitumia picha za mtaa wao: miti yote imegeuka myekundu na ya manjano, na majani yamefunika njia hata lami haionekani. Anasema giza linawahi kila siku na moyo umeanza kumwelemea. Mimi nimezoea michikichi na miembe, iko kijani mwaka mzima, kwa hiyo picha zile zimenitia wasiwasi. Miti ile inaumwa? Na kwa nini sisi Mungu hakutupa jambo kama hilo?
*Mama wa Ujiji, Kigoma*

Marahaba mama yangu, na hongera kwa kumfikisha kijana mbali hivyo. Miti ile haiumwi hata kidogo. Inajiandaa na kiu.

Najua ukiona picha ya Ulaya hufikirii kiu, maana kule mvua hunyesha karibu kila mwezi. Lakini ikifika Desemba na Januari udongo wa juu huganda barafu, na hata usipoganda, mizizi iliyopoa huvuta maji kwa taabu sana. Jani pana nalo haliachi kutoa maji hewani. Mti ukibaki na majani yake yote huku mizizi imesimama kazi, utakauka wima. Halafu kuna theluji: ikitua juu ya majani mapana, uzito wake huvunja matawi. Ndiyo maana mti unavua majani mapema, kabla baridi kali haijafika.

Utauliza, unajuaje kwamba baridi iko njiani? Kikubwa ni urefu wa mchana. Leipzig mwezi wa Juni mchana unafika saa 16 na nusu. Desemba haufiki hata saa 8. Kwako Ujiji, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa vinapishana kama dakika 35 tu, ndiyo maana huwezi kumwambia mtu wa Kigoma kwamba siku zinafupika akakuelewa. Chanzo ni kwamba dunia imeinama, nyuzi 23.5, na inalizunguka jua ikiwa imeinama hivyo hivyo. Nusu mwaka upande wa kaskazini unalielekea jua, nusu mwaka unalipa kisogo. Watu wengi hudhani baridi ya Ulaya inakuja kwa sababu dunia imekwenda mbali na jua. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati kijana wako atakuwa anatetemeka. Sisi tulio karibu na ikweta jua halitupi kisogo kamwe. Mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa: simika fimbo uani kwako karibu saa 7 mchana, utaona kivuli chake kimekwisha.

Rangi zenyewe nilizitazama kwa karibu nilipopelekwa mafunzo ya misitu Joensuu, mashariki mwa Finland. Kule Septemba ndiyo yenyewe. Kuna mti wanauita haapa, majani yake ya mviringo hucheza hata upepo ukiwa mdogo. Nilikuwa nachuma jani moja naliweka kiganjani. Pembeni limeshakuwa la manjano, lakini ukifuata mishipa yake unakuta kijani bado kimeng'ang'ania kandokando. Mti unavunja ule ukijani, unavuta chakula kilichomo, hasa naitrojeni, unakirudisha kwenye matawi na mizizi kupitia mishipa hiyo hiyo, ndiyo maana pale ndipo kijani hukawia kuondoka. Manjano hayakuja siku hiyo. Yalikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, yamefunikwa. Wekundu ndio mpya: miti mingine huutengeneza kwa sukari iliyobaki, siku za mwisho kabisa, na hukolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa ubaridi usiofikia kugandisha. Kisha ukitazama pale kikonyo kinaposhika tawi, unakuta mti umeshajenga ukuta mwembamba mkavu. Jani likianguka, kidonda kimekwisha kufungwa kabla halijaachia. Hakitoi hata tone la utomvu.

Ulaya manjano ndiyo hutawala. Kanada, Marekani ya kaskazini mashariki, Japani na Korea wana miti mingi zaidi inayowaka wekundu, na Japani watu hufunga safari kwenda kuitazama, na taarifa za rangi zimefika wapi hutangazwa kama za hali ya hewa.

Sasa mama, unasema sisi hatukupewa. Hapa naomba nikupinge kwa heshima. Umekaa kwenye miembe na michikichi, nayo kweli haivuliwi nguo. Lakini panda treni ya kuja Tabora mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Ukishapita Uvinza, kuelekea Malagarasi na Nguruka, kaa dirishani. Utaona pori la miombo limegeuka rangi ya shaba, rangi ya mvinyo, pengine waridi, kilima baada ya kilima, na mvua bado haijadondoka. Mgeni aliyezoea Ulaya akiona hivyo husema majani yanakufa. Yanazaliwa. Mtundu na jamaa zake wa miombo hupukutisha majani ya zamani kiangazi kinapokolea, kuanzia Julai mpaka Septemba, kisha kabla ya mvua, wiki kadhaa kabla, hutoa majani mapya, nayo hutoka mekundu. Ni rangi ya jamii ile ile inayopaka majani ya Ujerumani kuaga. Kwetu inalikinga jani changa na jua kali mpaka likomae, ndipo linakuwa kijani.

Na sababu ya kupukutisha ni ile ile, kiu. Kule maji yamefungwa na baridi, huku udongo umekauka tangu mvua za Aprili au Mei zilipokata. Nimeishi na miti maisha yangu yote ya kazi, na hakuna jambo linalonifurahisha kuliko hili: mti wa Joensuu na mtundu wa Tabora hawajawahi kuonana, na wote wawili wamejibu swali moja kwa jibu moja. Mtundu umekwenda mbele zaidi. Unatumia maji uliyoweka akiba kwenye shina pamoja na yale ambayo mizizi mirefu inayafuata chini, ili mvua ya kwanza ya Novemba ikigonga ardhi majani yawe tayari kufanya kazi.

Majira mengine unayo hapo hapo ziwani. Mei mpaka Agosti upepo wa kusini unapochapa Tanganyika, husukuma maji ya juu yenye joto kuja kaskazini, na kule kusini maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Wavuvi wenu wanaujua upepo huo kuliko mimi. Hata serikali imeuwekea kalenda yake: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike na kuzaliana, na wewe muuza dagaa uliyahisi majira hayo kwenye meza yako kabla ya mtu mwingine.

Turudi kwa kijana, kwa sababu yeye ndiye anayenisumbua moyo. Giza lile si la kudharau. Watu waliozaliwa huko huko huelemewa nalo, sembuse aliyekulia mahali ambapo jua halikosi. Mwambie atoke nje mchana, hata nusu saa, hata kama kuna mawingu. Asisubiri atoke kazini kukiwa kumeshaingia usiku. Kati ya Oktoba na Machi jua la Ujerumani hukaa chini sana kiasi kwamba ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha, na sisi wenye ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi kwa kazi hiyo. Amwone daktari, amwulize kama anahitaji vidonge, na kama unyonge unazidi mpaka hali chakula au halali usingizi, amweleze hilo pia bila aibu. Koti anunue mapema. Viatu viwe vya soli yenye meno, maana majani yaliyolowa juu ya lami yanateleza vibaya.

Na akipata wenyeji wa kumpeleka msituni, aende. Majira haya Ulaya ni ya uyoga, kama huku kwetu uyoga unavyojaa kandokando ya barabara mvua zikishika. Kuna ule wa manjano wenye umbo la tarumbeta: ndugu zake wanaota kwenye miombo yetu na kwenye misitu yao, na kote huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti. Lakini asichume wa kula peke yake. Kule kuna uyoga wa kuua unaofanana na wa kuliwa, na ujuzi wa uyoga wa nyumbani haumsaidii.

Jambo la mwisho, la simu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wajerumani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Hivi sasa mnapishana saa 1, baada ya hapo mtapishana saa 2 mpaka mwisho wa Machi. Akisema atakupigia saa 2 usiku ya kwake, kwako itakuwa saa 4. Usije ukakaa na simu mkononi ukidhani amepatwa na jambo.

Shikamoo babu. Niko kidato cha pili, Tabora mjini. Nimesoma kwamba majira ya mapukutiko ni Septemba hadi Novemba. Rafiki yangu anabisha, dada yake yuko Afrika Kusini na anasema ni Machi hadi Mei. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi, Tabora*

Marahaba mjukuu wangu. Wote mko sahihi, kila mmoja kwa upande wake wa dunia. Kaskazini ikilipa jua kisogo, kusini inalielekea. Kwa hiyo Afrika Kusini, Argentina, Australia na New Zealand mapukutiko yao ni Machi hadi Mei. Mashamba ya mizabibu ya Stellenbosch, karibu na Cape Town, hugeuka manjano na mekundu kipindi hicho, ingawa mizabibu na mialoni ya huko ilipelekwa na watu kutoka Ulaya. Miti ya asili ya kusini inayobadilika rangi hivyo kwa ajili ya baridi ni michache. Uko mmoja kisiwani Tasmania, wenyeji huuita fagus, na milima yake huwaka rangi ya dhahabu mwishoni mwa Aprili na Mei. Mwonyeshe rafiki yako ramani, mchore ikweta, kisha muulizane Tabora iko nyuzi ngapi kusini. Ni kama 5 tu. Ndiyo maana hapa kalenda yetu inashikwa na mvua: inaanza Novemba, inakata Aprili au Mei.

Mwangaluka mzee. Nina mninga mkubwa mbele ya nyumba yangu, Sikonge. Tangu Juni umepukutika wote, umebaki matawi na yale matunda ya mviringo yenye miiba katikati. Jirani anasema umekufa, na ameniletea mtu wa msumeno anayetaka kuununua. Nifanyeje?
*Mkulima, Sikonge*

Mwangaluka. Mwambie mtu wa msumeno arudi kwake.

Mninga ni miongoni mwa miti inayowahi sana kuvua majani, na hukaa uchi muda mrefu kuliko mtundu na muba, miti mingine ya miombo. Huo ndio mwendo wake. Chukua kisu kidogo, kwangua ganda la kitawi chembamba, si shina. Ukikuta chini yake kuna kijani na umajimaji, mti ni mzima. Ukikata kitawi kibichi utaona unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mti uliokufa hautoi. Kwangua vitawi vya pande mbalimbali, kwa sababu tawi moja linaweza kufa na mti ukabaki hai. Sasa hivi tazama pia ncha za matawi: mninga huchanua maua ya manjano yenye harufu nzuri kabla ya mvua, mara nyingi majani yakiwa bado hayajatoka, na nyuki wakishayajua huwezi kukosea, utasikia mti mzima unavuma asubuhi.

Fagia majani makavu na nyasi kuzunguka shina, upana wa hatua kadhaa. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa kila kitu kimekauka na miti imeanza kuchipua. Ukipita Oktoba unaunguza machipukizi yote. Nimeona pori zuri likirudi nyuma kwa sababu ya mtu mmoja aliyesafisha shamba jioni yenye upepo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ukifika katikati ya Desemba, mvua imenyesha vya kutosha na bado hakuna hata chipukizi, hapo ndipo tutasema umekufa. Hata hivyo usiukate. Mninga hauvunwi bila kibali, hata ukiwa uani kwako. Nenda kwanza ofisi ya misitu ya wilaya, waje wauone, na huyo mnunuzi aende na wewe akiwa na karatasi zake.