Rue Alisema Kweli, Kosa Lake Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, saluni tunakosukia nywele hapa Mwanjelwa tumegawanyika kuhusu Rue wa tamthilia ya Marekani, Euphoria, msimu wa pili wa mwaka 2022. Alipobanwa aache dawa za kulevya, alimuumbua Cassie mbele ya Maddy kwamba anatembea na Nate, aliyekuwa mpenzi wa Maddy. Wenzangu wanadai hana kosa kwa kuwa hakusema uongo. Je, ni sawa?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli hakusema uongo, na Cassie, aliyekutana na Nate kwa siri huku akiendelea kujiita shoga wa Maddy, hawezi kulalamika kwamba amesingiziwa. Lakini tazama wakati wenyewe: Cassie ndiyo kwanza amemshauri aichukulie hali yake siku moja baada ya nyingine, naye, badala ya kujibu, akamuuliza amekuwa akilala na Nate tangu lini, kisha Maddy na Cassie walipoanza kuzozana akapata upenyo wa kutoroka. Hakuwa akimhurumia Maddy. Alitaka macho yahame kwake. Angemjali angemwita pembeni, kama mnavyofanya hata hapo saluni wateja wakijaa. Arosto inampunguzia lawama bila kumwondolea, ingawa watazamaji wengi humsamehe upesi kwa kuwa yeye ndiye msimulizi. Maddy, kwa upande wake, ana haki kamili ya kumkasirikia Cassie, hata kama aliyemfikishia habari alikuwa na nia mbaya.