Barua kwa mwanangu: nirudi madukani au nisirudi?

Tanga, Agosti 2021

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Baba yako anakusalimu sana, na mjukuu wake hamtoki mdomoni.

Barua yako nimeipata. Umeniambia kwamba tangu tarehe 19 Julai serikali ya Uingereza imeondoa karibu masharti yote ya korona, barakoa dukani si lazima tena, na watu wamerudi madukani kama zamani. Wewe tangu ujifungue umezoea kuagiza kila kitu kwa simu, kinaletwa mlangoni. Sasa unaniuliza urudi madukani au uendelee hivyo hivyo, na unasema unaona haya kuogopa wakati wenzako hawaogopi.

Nitakujibu kama mama na kama muuguzi mstaafu, maana siwezi kuwatenganisha hao wawili. Jibu langu ni kwamba nenda. Ila chagua duka, chagua saa, na barakoa usiivue.

Nianze na hiyo haya, kwa sababu inanikera kuisikia kwako. Usiku wa tarehe 18 barakoa ilikuwa lazima, asubuhi ya tarehe 19 haikuwa lazima, lakini kirusi kilikuwa kile kile, aina yake inayoitwa Delta. Kilichobadilika ni sheria, na sheria ilibadilika kwa kuwa watu wazima wote huko walikuwa wamekwisha kupewa nafasi ya kuchanjwa. Uamuzi uliokuwa wa serikali umeletwa kwako. Mtu aliyekabidhiwa uamuzi mzito akisita kidogo, hana cha kuonea haya. Anafikiri.

Wewe umechanjwa sindano zote mbili. Chanjo hiyo kazi yake kubwa ni kumzuia mtu asiugue sana na asife, na hiyo kazi inaifanya vizuri. Kumzuia mtu asipate kabisa, au asimpelekee mwingine, hapo inasaidia lakini haifungi mlango, hasa kwa Delta. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba utakwenda kununua sabuni ukalazwe hospitali, iweke chini, mwanangu. Iliyobaki ni hofu ya kuubeba ugonjwa na kumpa mwingine, na hii ndiyo ya kuishughulikia.

Ugonjwa huu unatembea kwa hewa. Mwaka 2020 mwanzoni tulihubiriwa mikono tu. Ngamiani yote hapa Tanga, kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya koki na sabuni, na mimi sikupinga, maana mikono misafi imetuokoa na kipindupindu na kuhara. Lakini Julai ya mwaka huo huo wataalamu 239 waliandika waraka wa pamoja kuitaka dunia ikubali kwamba korona inaenea kwa chembe ndogo zinazoelea hewani, na taratibu wakubwa wa afya wakaanza kukubali. Aprili mwaka huu, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kimeeleza kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye kirusi kwa kawaida ni chini ya mara 1 katika mara 10,000. Kwa hiyo huko kufuta pakiti za maziwa kwa dawa, ulikoniambia bado unakufanya, acha. Nguvu hizo zipeleke kwenye hewa.

Sisi tuliouguza kifua kikuu hili halikutushangaza. Wodi ya kifua kikuu kazi ya kwanza asubuhi ni madirisha, pande zote mbili, upepo uingie huku utokee kule. Ukienda hospitali ya Bombo ukalitazama lile jengo kongwe la Wajerumani, liko juu ya bahari, dari ndefu, madirisha makubwa. Waliolijenga hawakuwa na dawa ya kifua kikuu. Ya kwanza, streptomisini, ilipatikana mwaka 1943, Wajerumani wamekwisha kuondoka Tanga zamani. Hewa ilikuwa sehemu ya tiba. Nakumbuka wagonjwa wengine wakilalamika baridi ya alfajiri, na sisi tunawaongeza blanketi lakini dirisha hatufungi.

Basi ukiwa mlangoni pa duka lolote, fikiria pumzi za watu waliomo kama moshi wa udi. Ukichoma udi chumbani umefunga madirisha, moshi unajaa, unakaa, na anayeingia nusu saa baadaye anaukuta. Ukiuchomea barazani, unaondoka na upepo. Tazama duka, ujiulize moshi ule humo ndani ungekwenda wapi.

Ukipima hivyo utaona mambo usiyoyatarajia. Umesema unaogopa zaidi maduka makubwa ya chakula. Lakini mengi yana dari ndefu, hewa yake inasukumwa kwa mitambo, na wewe unatembea, husimami na mtu. Mimi ningeogopa zaidi kile kiduka kidogo kizuri cha nguo, mlango umefungwa kwa ajili ya ubaridi, muziki mkubwa mpaka watu wanapayuka, maana anayepayuka anatoa chembe nyingi kuliko anayesema kwa upole. Na kile chumba cha kujaribia nguo, ambacho kuta zake zinakugusa mabega na hakina dirisha, usiingie kabisa. Nunua nguo, jaribu nyumbani, isipokufaa rudisha. Huko wanakubali kurudishiwa, huku kwetu ungetukanwa.

Nenda asubuhi, katikati ya wiki, siyo Jumamosi. Andika orodha kabla ya kutoka ili usizungukezunguke. Mtoto mwache na baba yake. Kumvalisha barakoa mtoto wa umri ule ni hatari, anaweza kukosa pumzi, na haja ya kumpeleka haipo. Ukitaka kumnunulia viatu, mpime unyayo kwa uzi, uende na uzi wako. Na uanze mwezi huu huu. Sasa ni kiangazi kwenu, milango iko wazi. Ikifika Novemba kila duka litajifungia kwa baridi, na hapo utapunguza tena safari bila kusubiri tangazo la mtu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu.

Barua yako yote inamzungumzia mnunuzi. Aliye upande wa pili wa kaunta hukumtaja. Wewe utakaa dukani dakika ishirini. Yule binti anayepokea pesa anakaa muda wa saa nane nzima, kesho tena, keshokutwa tena, na kila anayeingia bila barakoa anamwachia pumzi yake na kwenda zake. Tangu 24 Julai 2020 mpaka juzi hiyo 19, sheria ya barakoa ilimlinda kidogo. Sasa anayemlinda ni mteja mwenye huruma. Barakoa yako inakukinga wewe kidogo, lakini inamkinga yeye zaidi, kwa sababu inazuia kile kinachotoka kinywani mwako. Unaniambia ukivaa watu wanakutazama. Wakutazame. Yeye pia atakutazama, na atajua kwa nini umevaa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya shangazi yako. Unalijua duka lake la kanga, lilivyosongwa bidhaa mpaka darini, na ile feni moja inayozungusha hewa ile ile. Mwezi wa pili mwaka huu, wakati huku kila msiba unaambiwa ni «changamoto ya kupumua», wateja waliendelea kuingia barakoa zikiwa kidevuni, au hawana kabisa. Na mnunuzi wa kanga si wa dakika mbili. Anataka ifunuliwe, asomewe jina, aonyeshwe nyingine, abishane bei, acheke. Shangazi yako akaugua. Amepona, alhamdulillah, lakini mpaka leo akipanda ngazi anasimama katikati kutafuta pumzi. Hakuna mteja hata mmoja aliyemtakia mabaya. Hawakumfikiria tu.

Sisi huku hatukupata siku ya «kurudi madukani». Mwaka 2020 shule zilifungwa tangu Machi 17 na kufunguliwa Juni 29, lakini maduka na masoko hayakufungwa, watu waliendelea kwenda Ngamiani na Mgandini kama kawaida. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alipotangazwa kuwa anaugua korona, na kisha kufariki tarehe 17 Februari mwaka huu, ndipo wengi mtaani kwetu walipoanza kuutaja ugonjwa waziwazi kuwa ni korona. Tarehe 28 Julai Rais Samia alichanjwa hadharani, na mimi nami nimekwisha kuchanjwa, sindano moja tu ya Johnson & Johnson. Sasa nazunguka kwa jirani zangu, maana uvumi ni mwingi na wanaoniamini ni wale niliowauguza watoto wao.

Kitu kimoja tulikuwa nacho bila kukusudia: duka la mtaani. Unalikumbuka, mteja anasimama nje barazani, muuzaji yuko ndani nyuma ya nondo, sukari inapita kwenye kidirisha. Nondo zile ziliwekwa kwa ajili ya wezi, lakini kwa ugonjwa huu, kumuuzia mtu akiwa nje ni mpango mzuri kuliko mingi niliyoisikia.

Ndiyo maana nataka safari yako ya kwanza iwe kwa yule Msomali wako, anayekuuzia unga wa sembe, nazi na dagaa. Duka lake ni dogo na njia zake ni nyembamba, kwa kipimo changu cha hewa halifai sana. Lakini maduka makubwa yataishi bila wewe, la kwake sina hakika. Mpigie simu mapema, mtajie unachotaka, akufungie, ukichukue mlangoni. Muulize hali yake, muulize na watoto. Umekuwa ndani na mtoto mchanga miezi mingi, unasema na mumeo jioni na mimi kwa simu. Anayekuletea mzigo anauweka chini na kuondoka kabla hujafungua mlango. Mwanangu, hilo nalo linaumiza afya, na nililisoma kwenye barua yako ingawa hukuliandika. Unahitaji mtu wa kukuamkia.

Ukiona umekwenda mara mbili tatu na moyo bado unakwenda mbio, rudi nyumbani, pumzika, jaribu wiki nyingine. Wala usiache kuagiza kwa simu. Vitu vizito na vya kurudia kila wiki acha viendelee kuletwa. Na ukipata mafua, hata madogo, usitoke siku hiyo, hata kama umechanjwa, hata kama mafua hayo yanaonekana ya kawaida. Pima kwanza.

Msalimie mkwe wangu, mwambie chanjo za kliniki za mtoto zisicheleweshwe hata siku moja kwa ajili ya korona. Niandikie umeamua siku gani, na huyo Msomali akiwa na dagaa wazuri niambie amewatoa wapi.

Wasalaam,
Mama yako