Paka hana haja ya kuwa mchawi: Mama wa Vitabu anajibu barua zenu

Toleo lililopita niliandika kidogo kuhusu hadithi za upelelezi za mji mdogo, zile ambamo anayefumbua fumbo si polisi bali mama muuza duka, mwalimu mstaafu au mwandishi wa gazeti, na mara nyingi kuna paka au mbwa ndani ya nyumba. Barua zimekuja nyingi kutoka mitaa yetu ya Goma, hapa mashariki mwa Kongo. Nimechagua nne.

Jambo Mama. Baada ya yote tuliyoyasikia usiku katika mji huu, sitaki tena vitabu vya bunduki na damu. Wewe unasema kuna hadithi za mauaji ambazo haziharibu usingizi. Inawezekanaje? Na nianze na kipi? Nasoma Kifaransa na Kiswahili. — Mwanafunzi, Katindo

Mwanangu, nakuelewa, na sitakuambia ujikaze. Katika hadithi hizi mtu hufa, ni kweli, lakini hufa pembeni, mara nyingi kabla hujamzoea, na mwandishi hakulazimishi kutazama kidonda. Anakupa mtaa: nani anamdai nani, nani alitoka kanisani kabla ya baraka, mjane wa nyumba ya pili amepata wapi pesa za viatu vipya. Na mwishoni kila kitu kinajulikana. Hapo ndipo zinaponishika. Sisi tumezika watu wengi bila kuambiwa nani aliwaua wala kwa nini. Kusoma kurasa mia mbili ukiwa na hakika kwamba jibu litatolewa mbele ya watu wote na jina litatajwa, kwangu ni faraja kubwa, na sioni haya kuitafuta.

Anza na Mwingereza Agatha Christie, maana ndiye rahisi kumpata kwa Kifaransa. Le Masque, mkusanyo wa vitabu vya upelelezi vya Kifaransa, ulianza mwaka 1927 kwa kitabu chake, na nakala kuukuu bado zinapita mkono kwa mkono hapa mjini. Wengi watakuelekeza kwa Miss Marple, yule bibi wa kijijini anayefuma sweta huku akisikiliza kila kitu. Mimi nakupa Témoin muet, cha mwaka 1937. Mpelelezi humo ni Hercule Poirot, ambaye kazi yake ni hiyo, lakini mshukiwa wa kwanza ni mbwa. Bibi mmoja mwenye mali anaanguka ngazi usiku, nyumba imejaa ndugu waliokuja kumtembelea. Wote wanasema: ni mpira wa Bob, huyo mbwa ana tabia ya kuuacha juu ya ngazi. Kesi imekwisha. Kumbe usiku ule Bob alikuwa nje, hakulala ndani kabisa! Poirot anapanda ngazi na kukuta msumari umepigiliwa kwenye ubao wa chini ya ukuta, umepakwa vanishi usionekane. Kuna mtu alifunga uzi pale. Siendelei. Christie alikitunuku kitabu hicho kwa mbwa wake mwenyewe, Peter, na upendo huo unauona: Bob hafanyi muujiza wowote, anataka tu kucheza mpira, na kwa mpira huo huo ukweli unapatikana.

Kwa Kiswahili mtafute Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Si askari. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya kusikiliza. Huku kwetu hapatikani kirahisi. Ukimwona kwa mtu, azima hapo hapo.

Mama, binti yangu wa miaka 13 anasoma hadithi za paka anayegundua wahalifu. Shangazi yake anasema paka ni kitu cha wachawi, na mtoto anayesoma hayo anafungua mlango mbaya. Nimzuie au nimwache? — Papa wa watoto, Majengo

Papa, mwache. Tena ukipata nafasi, soma naye.

Mwambie shangazi hivi. Mwaka 1929 padri Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa akitunga hadithi hizi, aliandika kanuni 10 za mchezo. Mojawapo inakataza nguvu zisizo za kawaida: hakuna mizimu, hakuna uchawi, hakuna ndoto inayofunua mwizi. Nyingine inasema mpelelezi asiokolewe na bahati. Nyingine inamlazimisha kila dalili anayoiona amwonyeshe msomaji papo hapo. Sijui aina nyingine ya hadithi inayomfukuza mchawi mlangoni kwa ukali kama hii.

Inawezekana binti yako ameshika vile vitabu vya Mmarekani Lilian Jackson Braun, vyenye paka wa Siam anayeitwa Koko, anayeishi na mwandishi wa habari. Cha kwanza kilitoka mwaka 1966. Braun alianza kutunga hadithi za paka baada ya paka wake mwenyewe kuanguka kutoka dirisha la ghorofa ya 10 na kufa. Ni uchungu ule ulioandika. Koko huangusha kitabu kutoka rafuni au hunusa kitu, na ni juu ya bwana wake kujua maana yake. Kuna mahali ambapo Braun anamsogeza Koko karibu mno na muujiza, na hapo mimi humfurahia kidogo tu. Paka bora wa hadithi ni yule mwenye njaa, mwenye udadisi, anayependa mahali penye joto. Hayo yanatosha.

Nikupe la kwetu. Jirani na kwangu kuna nyumba ya mbao, kama nyingi za Goma, imeinuliwa kidogo juu ya makoro, yale mawe ya volkano. Mle vipande vya sabuni vilikuwa vinapotea. Akashukiwa msichana wa kazi, akarudishwa kwao Masisi bila mshahara wa mwezi ule. Wakati wote huo paka wa nyumba alikuwa anakaa mahali pamoja, kona ya jikoni, ameinamia ufa wa ubao, hatoki hata ukimwita kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ikaanza kusemwa kwamba paka karogwa. Siku fundi alipokuja kubadilisha mbao zilizooza, akang'oa ule wa kona, tukaona sabuni zote chini, zimetafunwa kingo, alama za meno ya panya mawili mawili, wazi kabisa. Msichana alikuwa ameshaondoka. Paka alikuwa ametoa ushahidi kwa njia pekee anayoijua, na hakuna aliyeuliza anatazama nini, kwa sababu wa kulaumiwa alikuwa ameshapatikana. Nakasirika hadi leo nikikumbuka. Binti yako anajizoeza kuuliza swali ambalo watu wazima wa nyumba ile hawakuliuliza. Usimnyang'anye kitabu.

Jambo Mama Mwalimu. Naandika hadithi yangu ya kwanza: pesa za likelemba, ule mchango wa zamu wa akina mama wa avenyu, zimeibwa kwenye ndoo ya unga, na mbwa wa sentineli, mlinzi wa usiku, hakubweka, kwa hiyo mwizi ni mtu anayemjua. Rafiki yangu anasema hiyo ni ya zamani. Ni kweli? — Kijana wa Himbi

Ni kweli, kaka. Mbwa asiyebweka ni wa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, katika kisa cha farasi aliyeibwa, mwaka 1892. Tangu hapo kila msomaji wa hadithi hizi akikuta mbwa amenyamaza anajua unakompeleka. Lakini ndoo ya unga ni yako, na ni nzuri kuliko unavyodhani.

Fikiria. Sentineli anamfungua mbwa usiku, anamfunga alfajiri. Asubuhi mpelelezi wako (natumaini ni mama wa ligablo, kile kiduka cha mtaani, anayejua nani ananunua kwa deni) anapita na kuona pua ya mbwa ni nyeupe. Unga wa muhogo. Basi ndoo ilifunguliwa usiku, mbwa akiwa huru, na kifuniko kikaachwa wazi muda wa kutosha mbwa kuingiza pua. Mtu aliyezoea kupika hafanyi hivyo, hufunika unga hata akiwa na haraka. Umeshawaondoa nusu ya washukiwa, na mbwa hakufanya lolote zaidi ya kuwa mlafi. Taja pua hiyo nyeupe mapema, katikati ya sentensi inayohusu jambo lingine, msomaji aipite bila kusimama.

Halafu tumia Goma. Naona umeandika nyayo matopeni. Nyayo zipi, kaka, juu ya makoro? Ardhi yetu ya volkano haihifadhi nyayo, bali hula soli. Mwendesha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hupiga goti moja juu ya mbao na kusukuma kwa mguu mwingine, kwa hiyo kiatu cha mguu unaosukuma huisha kabla ya mwenzake. Weka jozi ya viatu mlangoni, kimoja kimelika kisigino, kingine kizima, na mwenye viatu anadai ni fundi cherehani. Angalia pia maji. Anayerudi na mabidoni mawili anatembea tofauti na anayekwenda kuchota, na mwenye kufua nguo siku ambayo avenyu nzima haina maji lazima aeleze aliyatoa wapi. Umeme ukikatika, jenereta ya nani ilisikika, hadi saa ngapi? Dalili hizo tunaishi nazo. Mtu wa London hawezi kuziandika.

Mwizi wako aonekane tangu mwanzo. Ale na wenzake, acheke nao, awe na deni la shule ya watoto ambalo linaeleweka. Ukimleta mgeni kutoka nje kurasa za mwisho, utakuwa umenidanganya.

Na mbwa asife. Katika hadithi hizi binadamu anaweza kupoteza maisha na msomaji akaendelea, ila ukimgusa mnyama anafunga kitabu. Naiunga mkono desturi hiyo kwa moyo wote.

Mama, mimi niko darasa la sita, Mugunga. Kwetu hatuna mbwa wala paka, tuna dende, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa kama sungura. Je, dende anaweza kupeleleza?

Anaweza, mpenzi wangu, na nashangaa kwamba sijawahi kusoma hadithi yake. Watoto wengi wa Kivu wamefuga dende jikoni, na hata wakati wa kukimbia vita mtu aliweza kumficha kwenye kikapu. Unajua wanavyofanya: wakisikia hatua za mtu anayewaletea majani, wanapiga filimbi wote pamoja. Akiingia mgeni, wanaganda kimya na kujificha.

Kwa hiyo mwizi wako aingie jikoni gizani, na wewe uliye chumba cha pili usikie dende wanapiga filimbi kwa furaha. Kisha andika ukurasa unaofuata: nani mwingine nyumbani, mbali na wewe, amewahi kukata majani?