Maswali ya sindano: ua la pembesita ndani ya fremu

Tangu nilipoeleza namna ya kuvika vipande vya karatasi vya pembesita kwa kitambaa, kuviunga kwa mkono na kulitia ua lake kwenye fremu ya duara ya kutarizi liwe zawadi, maswali hayajakatika. Nimechukua yale yaliyojirudia.

Vipande vyangu haviungani. Nikifika cha sita, pengo linabaki. Nakosea wapi?

Dada, iache sindano, tazama karatasi. Kila pembe ya pembesita ni digrii 120, na pembe tatu zikikutana zinatimiza 360 bila upenyo. Hesabu haina kosa, basi kosa liko kwenye mkasi. Wengi huchora kipande cha kwanza, wakakitumia kuchora cha pili, na cha pili kuchora cha tatu. Kila mara unene wa penseli unaongezeka, na cha saba kinakuwa kimenenepa. Chora vyote kwa kielelezo kimoja cha kadi ngumu, kisha kata kwa ndani ya mstari. Karatasi iwe ngumu kidogo, kama ya kadi ya mwaliko. Ya daftari hujikunja ukingo unapovuta kitambaa.

Halafu, kabla hujagusa kitambaa, vipange mezani. Visipokaa sawa vikiwa uchi, havitakaa sawa vikishavishwa.

Kama karatasi ni safi na pengo bado lipo, umevika kwa kulegeza. Kunja upande mmoja baada ya mwingine, ukiusikia ukingo wa karatasi chini ya kidole.

Bandi, ile mishono ya kushikiza kitambaa kwenye karatasi, ipite kwenye karatasi yenyewe, au nitumie gundi?

Kwenye vipande vikubwa, pitisha tu. Kwenye vidogo, vyenye upande wa milimita 12 kushuka chini, mimi sitoboi karatasi: kule nyuma napiga bandi kwenye mikunjo peke yake, mshono mmoja au miwili kila pembe. Bandi hiyo haifumuliwi, na karatasi inatoka nzima, tayari kwa kazi nyingine. Gundi inafaa ikiwa ni ya kuyeyuka kwa maji na umepaka kidogo sana. Mimi siipendi. Vidole vinanata, kitambaa kinakakamaa, na sindano inalalamika.

Mishono yangu inaonekana mbele.

Unachota kitambaa kingi. Laza vipande viwili uso kwa uso, chota nyuzi mbili tatu tu pembeni kabisa, usiguse karatasi, na mishono ikaribiane, kama sita kwa kila sentimita. Usikaze kupita kiasi, maana uzi uliokazwa sana ndio unaochomoza. Sindano iwe nyembamba: namba ikipanda, sindano inapungua, kwa hiyo tafuta ya 10 au 11. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, la sivyo utajisokota na kuchakaa kabla hujaumaliza. Kama vitambaa vina rangi nyingi, uzi wa kijivu hujificha kuliko mweupe.

Nina fremu ya sentimita 15. Vipande vingapi, vya ukubwa gani?

Pembesita hupimwa kwa urefu wa upande mmoja. Ukitumia upande wa milimita 12, ua la vipande 7, kimoja katikati na sita kukizunguka, lina upana wa kama sentimita 6. Ongeza mzunguko wa 12, unapata vipande 19 na ua la sentimita 10 na ushee. Ongeza wa 18, unakuwa na 37, na ua linafika sentimita 14 na nusu. Kwa fremu yako chagua 19. La 37 litagusana na mbao, na ua lisilo na nafasi ya kupumua linafanana na kigae.

Mwenye fremu ya sentimita 10 atumie upande wa milimita 6. Hapo 37 vinachukua kama sentimita 7 tu. Ila ajue kipande kimoja kinakaa juu ya ukucha wa kidole gumba.

Kitambaa usikikate kwa umbo la pembesita. Mraba wa sentimita 3.5 unatosha kwa milimita 12, na wa 2.5 kwa milimita 6. Chagua pamba nyepesi yenye chapa ndogo. Chapa kubwa ikikatwa vipande hivi inabaki madoa.

Karatasi zitoke lini? Zikibaki ndani kuna ubaya?

Kipande kilichozungukwa pande zote sita, toa karatasi yake. Vya ukingoni visubiri: piga pasi kwanza, mikunjo ishike, ndipo uzitoe na kulishonea ua juu ya kitambaa cha fremu. Zikibaki, ua litakuwa gumu na litainuka. Kuna waliowahi kuziacha, tena kwa faida yetu: Uingereza limehifadhiwa tandiko la hariri la 1718 ambalo bado lina karatasi zake ndani. Lakini lile ni tandiko, si fremu ya ukutani.

Nyuma ya fremu yangu ni aibu.

Bakiza kitambaa cha sentimita 4 kuzunguka fremu, pitisha uzi imara kwenye ukingo wake wote, uvute kama mdomo wa mfuko wa kamba, funga fundo. Funika kwa duara la kitambaa kizito ulilotarizi jina na tarehe.

Harusi ni wiki ijayo. Nitawahi 37 vya milimita 6?

Hutawahi, mwanangu. Shona 7 vya milimita 12, liweke ua kando kidogo ya katikati, tarizi bua na majani mawili. Na kaza skrubu ya fremu kabla hujaifunga zawadi. Kitambaa kikilegea njiani, ua linakunjamana.