Re: Nimefungua karakana ya fenicha, advansi nichukue kiasi gani?
Dada hapo kwenye advansi usione aibu kabisa, mi niko Keko hapa Dar na mteja wa kitanda cha 5 kwa 6 asipotoa hela ya mbao yote pamoja na gundi na vanishi sigusi randa, maana akiingia mitini unabaki na kitanda cha vipimo vyake na deni la mbao juu. Mafundi walipe kwa kazi sio kwa siku, ila msasa kagua mwenyewe kwa kiganja kabla vanishi haijapita, hapo ndo wanapolipua. Mbao ya mninga ukiletewa mbichi rudisha, ikikaukia kwa mteja droo zinagoma. Na wale wateja wanaokuona mwanamke wakauliza "fundi mwenyewe yuko wapi?" we wape bei tu 😂